Mtai, Mfuo na Mchubuko: Istilahi za Mikwaruzo ya Vioo vya Tinti vya Magari

Utangulizi

Katika kazi ya kukuza istilahi za Kiswahili tumezoea kushughulikia zaidi maneno ya vitabuni: maneno ya sayansi, ya sheria na ya utawala. Maneno ya gereji aghalabu huachwa yajitafutie njia yenyewe. Madhumuni ya makala haya ni kulitazama jambo moja dogo la gereji, yaani mikwaruzo katika vioo vya tinti vya magari, na kuonyesha kwamba neno lisilo wazi huweza kumtia mtu hasara ya kweli. Mifano yetu tumeichagua kutoka Njombe na Makambako, kwa kuwa hali ya hewa na ya barabara katika miji hiyo miwili inalidhihirisha tatizo hili waziwazi.

Tuanze na mfano. Tuseme dereva wa gari ndogo ya abiria ameondoka Njombe alfajiri, na alipofika Makambako akaenda kwa fundi na kumwambia, “Fundi, kioo changu kina mikwaruzo, nisugulie.” Fundi huyo siku ile amekwisha kusugua kioo cha lori kilichokwaruzwa na mchanga, nacho kikatakata. Basi anachukua dawa ile ile na kitambaa kile kile, anaanza kazi. Baada ya dakika chache kioo cha dereva kina doa jeupe, kama jicho lenye mtoto, nalo halifutiki. Dereva anataka alipwe. Fundi anajibu, “Kaka, nimesugua ulichoniambia nisugue.”

Wote wawili wamesema kweli. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, na fundi alisugua mikwaruzo. Lakini kwenye lori kilichokwaruzwa kilikuwa kioo, na kwenye gari ya abiria kilichokwaruzwa hakikuwa kioo hata kidogo. Ulikuwa ni utando wa plastiki uliobandikwa upande wa ndani. Neno moja lilitajwa kwa vitu viwili, na dawa ya kimoja ikawa sumu ya kingine.

Kioo na tinti

Kwanza hapana budi kueleza vitu vyenyewe, maana istilahi nzuri haiwezi kutangulia ujuzi wa kitu.

Gari la kawaida lina vioo vya namna mbili. Kioo cha mbele ni kioo cha matabaka: vioo viwili vyembamba vilivyogandanishwa na tabaka la plastiki katikati, ili kikivunjika vipande visiwarukie waliomo garini. Mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, aliandikisha uvumbuzi wa kioo cha namna hiyo mwaka 1909. Vioo vya milango, kwa kawaida, ni vioo vilivyogumishwa. Hivi hutiwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Sentigredi, kisha hupozwa ghafla kwa mvumo wa hewa. Wahunzi wetu walikuwa na kazi inayofanana na hiyo, wakaiita kutia maji chuma. Kioo kilichogumishwa kina ngozi ya nje inayojibana kwa nguvu na kiini cha ndani kinachovutana. Maadamu ngozi hiyo ni nzima, kioo ni imara. Ikipenywa hadi kiini, kioo chote husambaratika mara moja kuwa punje ndogo ndogo.

Tinti nayo ni ya namna mbili. Iko tinti ya kiwandani, ambayo rangi yake imechanganywa katika kioo kilipokuwa kingali uji wa moto. Magari mengi yanayotumika yaingiayo nchini kutoka Japani huja na tinti hii katika vioo vya nyuma. Na iko tinti ya kubandika, ambayo ni utando wa plastiki wenye rangi au chembe za madini, uliopakwa gundi upande mmoja. Utando huo unene wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita, nao hubandikwa upande wa ndani wa kioo. Kwa hiyo gari moja huweza kuwa na tinti zote mbili, ya kiwandani nyuma na ya kubandika mbele, na kwa jicho la haraka zisitofautiane.

Kuzipambanua si kazi ngumu. Teremsha kioo cha mlango kidogo, utazame ukingo wake wa juu. Ikiwa tinti ni ya kubandika, utaona mstari mwembamba usio na rangi kati ya mwisho wa utando na ukingo wa kioo. Ikiwa ni ya kiwandani, rangi itafika hadi ukingoni.

Upepo wa Makambako na ukungu wa Njombe

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokamilika katika miaka ya 1970, ina stesheni yake mjini humo. Ni mahali pa upepo, hata pamepimwa kwa nia ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Wakati wa kiangazi upepo huo huchukua vumbi la vichochoro na maegesho na kulimimina juu ya magari. Mtu akifuta kioo kikavu kwa kitambaa, au akiwasha waipa bila maji, chembe za mchanga husagwa juu ya kioo.

Hapa yafaa kukumbuka kipimo cha ugumu kilichotungwa na mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, mwaka 1812. Kipimo hicho kina daraja 10, ya mwisho ikiwa ni almasi. Ukucha wa mtu uko karibu na 2.5, kioo karibu na 5.5, na chembe za mchanga wa kawaida karibu na 7. Kilicho kigumu zaidi hukikwaruza kilicho laini. Kwa hiyo mchanga hukwaruza kioo, lakini kitambaa peke yake hakiwezi; kitambaa ni mkono tu unaoushika mchanga.

Njombe, umbali wa kilomita 60 hivi kusini ya Makambako, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali, na alfajiri nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Abiria wakijaa ndani ya gari, pumzi zao zenye unyevu hukutana na kioo cha baridi, na kioo hufunikwa na ukungu upande wa ndani. Dereva anataka kuona njia. Huchukua kile kilicho karibu, mkono wa koti au tambara alilofutia vumbi la dashibodi, akafuta. Lakini upande wa ndani ndiko ulikobandikwa utando, nao ni plastiki, laini kuliko kioo. Hivyo kila asubuhi ya baridi huongeza mistari michache, hata mwisho jua likipiga kioo huonekana kama buibui amekitandaza kazi yake.

Kwa jumla, basi, Makambako kioo huumizwa zaidi kwa nje, na Njombe huumizwa zaidi kwa ndani. Gari linalokwenda na kurudi kati ya miji hiyo hupata yote mawili. Tena iko sababu ya tatu inayopatikana kotekote: vumbi linalojikusanya katika mipira ya mlango. Kila kioo kinapoteremshwa ili abiria anunue ndizi au mahindi, na kupandishwa tena, vumbi hilo huchora mistari iliyonyooka kutoka juu kwenda chini.

Kumbe umbo la alama hutoa ushahidi. Mistari iliyosimama wima ni kazi ya mipira ya mlango. Mistari iliyopinda kama upinde katika kioo cha mbele ni kazi ya waipa. Mistari ya kuzungukazunguka ni kazi ya mkono na tambara.

Mtai, mfuo na mchubuko

Tukirudi katika lugha, tunaona kwamba neno mkwaruzo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Hutajwa kwa alama nyembamba kama unywele, kwa korongo lililochimbika katika kioo, na kwa utando uliochunika. Hatupendekezi neno hilo liachwe. Linafaa kubaki jina la jumla, kama vile neno ugonjwa lilivyo jina la jumla la maradhi yote. Lakini mganga hawezi kutibu kwa neno ugonjwa peke yake.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Liko neno mtai, ambalo ni la zamani, lenye maana ya alama nyembamba ya kukwaruza. Liko neno mfuo, lenye maana ya mstari ulioingia ndani, kama mfereji mdogo. Na liko neno mchubuko, ambalo kila mtoto aliyeanguka akaumia goti analijua: ni mahali ambapo ngozi ya juu imeondoka. Tunapendekeza maneno haya matatu yapewe mipaka ifuatayo katika kazi ya vioo.

Mtai ni alama ya juujuu katika kioo chenyewe. Huonekana kwa jicho, hasa kwenye mwanga wa pembeni, lakini ukipitisha ukucha juu yake hausikii kitu.

Mfuo ni alama iliyoingia katika kioo hata ukucha ukapita na kukwama. Tofauti ya mtai na mfuo haitegemei urefu wa mstari wala wingi wake, bali kina chake, na kipimo chake ni ukucha, chombo ambacho kila fundi anacho.

Mchubuko ni alama yoyote ya kukwaruzwa katika utando wa tinti ya kubandika, iwe nyembamba au nene. Hapa hatuulizi kina, kwa sababu, kama tutakavyoona, jawabu ni lile lile. Neno hili linafaa kwa kuwa utando ni ngozi ya kioo, na kinachochubuka ni ngozi, si mfupa.

Tiba ya kila alama

Mtai huweza kuondolewa. Dawa inayotumiwa na mafundi wa vioo ni unga laini wa oksidi ya seri, ambayo ni madini. Unga huo huchanganywa na maji hadi uwe kama uji, hupakwa kwenye pedi laini ya sufi iliyoshindiliwa, kisha kioo hung'arishwa polepole kwa mashine ya mwendo mdogo. Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, kioo kisiachwe kikauke wala kipate moto, maana joto la msuguano huweza kukipasua, au kuharibu utando ulioko upande wa pili. Pili, kioo kioshwe kwa maji mengi kabla ya kuanza, la sivyo fundi ataung'arisha mchanga pamoja na kioo na kuzalisha mitai mipya.

Mfuo ni jambo jingine. Ili kuuondoa, yabidi kioo chote kinachouzunguka kipunguzwe hadi kufikia kina chake. Katika kioo cha mbele, kupunguza huko huacha bonde, na bonde hupindisha taswira kama lenzi; dereva huona gari linalokuja si pale lilipo. Katika kioo cha mlango kilichogumishwa, kupunguza ni kuila ile ngozi inayokilinda. Kwa hiyo mfuo ulio mbele ya macho ya dereva, au ulioingia sana, tiba yake ni kubadili kioo. Fundi anayemwambia mteja hivyo asidhaniwe kuwa ni mvivu au mwenye tamaa.

Mchubuko hausuguliwi kabisa. Utando una ganda jembamba la juu la kuukinga, na chini yake rangi. Dawa ya kusugulia kioo huliondoa ganda hilo, na kinachobaki ni plastiki iliyoparuzika, nyeupe, isiyopitisha taswira. Dawa ya meno, ambayo watu wengi huisifu, ina chembe za kusugulia vilevile. Hata majivu yanayong'arisha sufuria yana chembe hizo. Mafuta yakipakwa huficha mchubuko kwa muda, kwa kuwa huijaza mistari na kuzuia nuru isitawanyike, lakini hukusanya vumbi, na kesho yake alama ni nyingi kuliko jana. Tiba ya mchubuko unaosumbua ni kubandua utando na kubandika mwingine.

Katika kubandua, utando hulainishwa kwa mvuke au maji ya moto kiasi, huvutwa polepole kutoka pembeni, na gundi iliyobaki huondolewa kwa maji ya sabuni. Wembe utumike kwa hadhari, na usitumike kamwe katika kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kukausha ukungu, maana nyaya hizo zimechapwa juu ya kioo upande wa ndani, na wembe ukizikata hazipitishi umeme tena.

Utando mpya nao unataka subira. Maji yaliyotumika kuubandika hukauka kwa siku kadhaa, na katika baridi huchelewa zaidi. Kwa hiyo aliyebandika tinti Njombe mwezi wa Julai asiteremshe kioo mapema kwa kuwa jirani yake wa Dar es Salaam aliteremsha cha kwake siku ya tatu. Baadaye usafi wa ndani ufanywe kwa maji, sabuni laini na kitambaa safi cha pamba, pasipo dawa zenye amonia. Na ukungu wa alfajiri uondolewe kwa kipulizo cha hewa ya moto cha gari au kwa kufungua kioo kidogo. Ikiwa hapana budi kufuta, kitambaa cha kufutia ukungu kisiwe kile cha kufutia dashibodi.

Maneno mengine yanayohitaji kutazamwa

Neno tinti limekwisha kuingia katika vinywa vya watu, na hatuoni sababu ya kulifukuza. Wengine husema vioo vya giza. Neno hilo linaeleweka, lakini linapotosha: giza ni hali ya kutoona, ilhali kioo cha gari, hata kikiwa na rangi, kazi yake ni kuonyesha. Kwa utando wenyewe watu husema stika, karatasi au filamu. Stika ni kitu cha kupamba, karatasi ni kitu kingine kabisa, na filamu imekwisha kushikwa na sinema. Utando tunao tangu zamani: ni ule wa buibui, ule wa juu ya uji uliopoa, na ule wa jicho. Wote ni wembamba, nao hufunika. Kwa nini tuazime?

Hesabu za tinti nazo ni lugha. Utando ulioandikwa 5 si hafifu kuliko ulioandikwa 50. Kinyume chake ni kweli. Namba hiyo ni asilimia ya nuru inayopenya. Namba 5 hupitisha sehemu tano tu katika mia. Tena nuru hupunguzwa mara mbili: kioo kinachopitisha asilimia 80, kikibandikwa utando wa 50, hubakiwa na asilimia 40. Uingereza, kwa mfano, magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985 hutakiwa kioo chake cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 ya nuru, na vioo vya milango ya mbele angalau 70. Tunapendekeza namba hii iitwe kipimo cha upenyo, ili mteja asiombe “tinti ndogo, namba 5” akapewa usiku wa manane. Kipimo hiki kinahusu mikwaruzo pia, kwa kuwa mitai na michubuko hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja usiku. Kioo cheusi chenye michubuko humnyima dereva nuru kidogo iliyosalia.

Mwisho ni vitenzi. Kusugua ni neno la sakafu na vyungu, linaruhusu nguvu. Kung'arisha kunataka upole. Kupiga msasa ni kupunguza kitu, na asili yake ni mti uitwao msasa, ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Vitenzi hivi visichanganywe: mtai hung'arishwa, utando hubanduliwa, na katika kioo cha gari msasa hauna kazi kwa mtu asiyebobea.

Istilahi zinazopendekezwa

Mkwaruzo: jina la jumla la alama yoyote ya kukwaruzwa.
Mtai: mkwaruzo wa juujuu katika kioo, usiokwamisha ukucha.
Mfuo: mkwaruzo ulioingia katika kioo, unaokwamisha ukucha.
Mchubuko: mkwaruzo katika utando wa tinti.
Utando: plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya kioo.
Tinti ya kiwandani: rangi iliyochanganywa katika kioo chenyewe.
Tinti ya kubandika: rangi iliyomo katika utando.
Kioo cha matabaka: vioo viwili vilivyogandanishwa kwa plastiki.
Kioo kilichogumishwa: kioo kilichotiwa moto na kupozwa ghafla.
Kipimo cha upenyo: asilimia ya nuru inayopita katika kioo au utando.

Hitimisho

Turudi kwa dereva wetu na fundi wake. Lau dereva angesema, “Fundi, tinti yangu ya kubandika imechubuka,” fundi asingeigusa dawa ya kusugulia. Na lau fundi angeuliza kwanza, “Ni mtai, au ni mchubuko?” dereva angeteremsha kioo, wakautazama ukingo pamoja, na shauri lingekwisha hapo bila ugomvi. Maneno yote waliyoyahitaji yamo katika Kiswahili.

Tunawaomba mafundi, madereva na walimu wa ufundi, hasa walioko Njombe na Makambako, wayajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao. Ikiwa wasemaji wa Kibena, Kihehe au Kikinga wanalo neno lililo bora zaidi kwa alama mojawapo, litapokewa kwa furaha, kwa kuwa lugha zetu za Kibantu ni ghala la kwanza la Kiswahili nje ya Kiswahili chenyewe. Neno litakalokubaliwa gerejini ndilo litakalodumu.